Mtoto Anayevunjika Mifupa: Kosa Si la Mama

 

Leo tunazungumzia mtoto ambaye mifupa yake huvunjika kwa urahisi. Unambadilisha nepi, mara analia kwa uchungu na mguu unavimba. Hospitalini unaambiwa mfupa umevunjika. Majirani wanaanza kunong'ona: mama alimwangusha, au boma hilo lina laana.

Mama, tulia usikilize. Mfupa hujengwa kama nyumba ya udongo. Kwanza hufungwa fito, kisha ukuta hukandikwa. Mtoto akiwa tumboni, seli za mwili wake hutoa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Nyuzi hizo hukaa nje ya seli na kuzishikanisha. Hizo ndizo fito. Kisha madini ya kalsiamu huja kuzijaza, nayo ndiyo udongo.

Duniani, takriban mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 huzaliwa akiwa na kolajeni yenye hitilafu. Fito zikiwa dhaifu, ukuta hupasuka hata udongo uwe mzuri namna gani. Ndiyo sababu maziwa na uji pekee havitamponya. Ugonjwa huu huitwa osteojenesisi impafekta. Mtoto anaweza kuurithi kwa mzazi, au ukaanza kwake yeye, wazazi wote wakiwa wazima. Hauletwi na laana, wala na kuchuma majani chai ukiwa mjamzito.

Dalili zake ni hizi:

- Mifupa kuvunjika bila kuanguka au kugongwa sana.
- Sehemu nyeupe ya macho kuwa ya samawati au kijivu.
- Mikono au miguu kupinda.

Ukiziona, fanya hivi:

1. Mpeleke hospitalini mara moja. Usimpeleke kukandwa wala kuungwa mfupa kienyeji.
2. Mweleze daktari ukweli wote, hata kama kuna jamaa aliyekuwa akivunjika hivyo.
3. Usimwinue kwa makwapa wala kumvuta miguu. Weka mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya kichwa na mabega.
4. Endelea kumnyonyesha na kumpa chanjo.

Hakuna dawa ya kuuondoa ugonjwa huu kabisa. Hata hivyo, ziko dawa za kuimarisha mifupa, upasuaji wa kutia vyuma ndani ya mifupa mirefu, na mazoezi ya viungo. Anzia hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu. Wanaweza kukutuma kwa mabingwa wa mifupa ya watoto, kama wale wa hospitali ya CURE iliyoko Kijabe, iliyofunguliwa mwaka wa 1998.

Nanyi akina baba na nyanya, msimlaumu mama huyo. Mshikeni mkono, kwa maana mtoto huyu anahitaji mikono mingi, tena mipole.