Mshipa Gani Ulipandikizwa? Matokeo ya Miaka Mingi ya Upasuaji wa Mishipa ya Moyo



Mgonjwa aliyepandikizwa mishipa ya damu kwenye moyo akija kliniki, mwombeni avue shati na akunje suruali. Kovu la katikati ya kifua karibu wote wanalo. Kovu refu la ndani ya mguu linasema vena ilivunwa huko. Siku hizi laweza kuwa vitobo viwili vitatu tu, kwa kuwa vena huvunwa kwa kamera. Kovu la upande wa ndani wa mkono, kati ya kiwiko na kiganja, ni la ateri ya mkono. Ateri ya ndani ya kifua haiachi kovu lake, kwani huteremshwa kupitia jeraha lile lile la kifuani. Makovu basi yanatupa nusu ya habari, na nusu inayokosekana ndiyo nzito zaidi.

Kwenye mikutano ya wapasuaji mabishano makubwa huwa ni ya mashine: moyo usimamishwe na kazi yake ifanywe na mashine ya moyo na mapafu, au upasuliwe huku ukidunda? Sisi tunaobaki na mgonjwa miaka 10 au 15 baadaye tuna swali letu, nalo ni mshipa gani ulipandikizwa na ulipelekwa wapi. Nitaeleza kwa nini naliweka mbele.

Upasuaji huu wengi huuhesabu kuanzia 1967, pale René Favaloro, Mwargentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland Clinic huko Marekani, alipoanza kutumia vena ya mguu kupitisha damu pembeni ya sehemu iliyoziba. Lakini mwaka 1964 Vasilii Kolesov wa Leningrad alikuwa ameshaunganisha ateri ya ndani ya kifua na mshipa wa moyo, tena moyo ukiwa unadunda. Kwa hiyo mawili tunayoyajadili leo kama mambo mapya yalikuwapo tangu mwanzo. Wapasuaji walio wengi walifuata vena, na huwezi kuwalaumu: ni ndefu, ni rahisi kuivuna, na mguu hauiulizii sana.

Shida ya vena huja baadaye. Imezoea shinikizo dogo la damu inayorudi moyoni. Ukiiunganisha na aota inapigwa na shinikizo la ateri usiku na mchana. Wiki za mwanzo hatari yake ni damu kuganda ndani yake. Katika mwaka wa kwanza ukuta wake hunenepa kwa ndani. Baada ya hapo mafuta hujijenga, na huko ndani ya vena hujijenga haraka kuliko ndani ya mishipa ya moyo yenyewe. Ikifika miaka 10, karibu nusu ya vena zilizopandikizwa huwa zimeziba au zimeharibika vibaya. Ateri ya ndani ya kifua ya kushoto, ikiwa imeunganishwa na mshipa mkubwa wa mbele wa moyo, hubaki wazi kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa katika muda huo huo. Utando wake wa ndani hutoa kwa wingi naitriki oksaidi inayoutanua mshipa na kuzuia damu kuganda, na ukuta wake hauruhusu mafuta kupenya kirahisi.

Mwaka 1986 Floyd Loop na wenzake wa Cleveland Clinic walichapisha matokeo ya wagonjwa 5,931. Miongoni mwa waliokuwa na ugonjwa kwenye mishipa yote mitatu, waliopata ateri ya kifua walikuwa hai baada ya miaka 10 kwa asilimia 82.6, waliopata vena tupu, asilimia 71. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, na tukumbuke kwamba mpasuaji humchagulia ateri mgonjwa aliye imara. Hata hivyo tofauti ilikuwa kubwa na imeonekana tena na tena, kiasi kwamba leo kuiacha ateri hiyo bila sababu ni jambo la kutolewa maelezo.

Kama moja ni nzuri, mbili je? Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na mimi napapenda kwa sababu hiyo. Utafiti wa ART, ulioongozwa na David Taggart wa Oxford, uligawanya kwa kura wagonjwa 3,102 katika nchi 7: wengine wapate ateri moja ya kifua, wengine zote mbili. Matokeo ya miaka 10, yaliyochapishwa 2019, yalionyesha vifo asilimia 21.2 kwa moja na 20.3 kwa mbili. Hakuna tofauti ya maana, na waliopata mbili walisumbuliwa zaidi na jeraha la mfupa wa kifua. Lakini tazameni ndani ya namba. Kati ya waliopangiwa mbili, asilimia 14 hivi waliishia kupata moja. Kati ya waliopangiwa moja, zaidi ya asilimia 20 waliongezewa ateri ya mkono. Makundi yalichanganyikana. Wapo waliochambua upya kwa kuangalia kila mgonjwa alipata nini hasa, wakaona nafuu kwa ateri nyingi; kwangu uchambuzi huo unaturudisha kwenye kasoro ile ile ya mpasuaji kumchagua aliye imara. Mgonjwa mnene mwenye kisukari, ambaye mfupa wake wa kifua utachelewa kuunga, simwombei ateri mbili za kifua.

Ateri ya mkono nina imani nayo zaidi. Mario Gaudino na wenzake walikusanya tafiti 6 za kura zenye wagonjwa 1,036 wakailinganisha na vena. Iliziba kwa nadra zaidi, na hata baada ya miaka 10 jumla ya vifo, mashambulio ya moyo na kurudiwa matibabu ya mishipa ilikuwa ndogo. Sharti lake ni moja: ipelekwe kwenye mshipa uliobana sana. Kama damu ya kutosha bado inapita njia ya zamani, ateri ya mkono husinyaa na kufa.

Kuhusu mashine nitapita haraka. Utafiti wa CORONARY, wagonjwa 4,752, haukuona tofauti baada ya miaka 5. Ule wa ROOBY, kwenye hospitali za maveterani Marekani, uliona vifo asilimia 15.2 kwa moyo unaodunda dhidi ya 11.9 kwa mashine. Wapasuaji wa CORONARY walitakiwa wawe wameshafanya zaidi ya upasuaji 100 wa aina waliyopangiwa. ROOBY iliridhika na zaidi ya 20 bila mashine. Mikono iliyozoea ndiyo tofauti ninayoiona hapo. Kwa mgonjwa ambaye aota yake imejaa chokaa, kutoigusa kuna faida, na hilo liamuliwe na mpasuaji aliyezoea.

Mtauliza kuhusu stenti. Kwa mwenye kisukari na mishipa mingi iliyobana, utafiti wa FREEDOM wa 2012 ulitoa jibu: baada ya miaka 5, vifo, shambulio la moyo au kiharusi viliwapata asilimia 18.7 ya waliopasuliwa na 26.6 ya waliowekewa stenti. Kiharusi peke yake kilikuwa kingi kwa waliopasuliwa, 5.2 dhidi ya 2.4, na mgonjwa aambiwe yote mawili kabla ya kutia sahihi.

Sasa turudi kliniki kwetu. Upasuaji huu unafanyika Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na wagonjwa wengine hurudi kutoka India na mafaili manene. Ndani ya faili tafuteni ripoti ya upasuaji yenyewe. Mkiona LIMA imekwenda LAD, ateri ya kifua ya kushoto iko kwenye mshipa wa mbele. Kila SVG ni vena ya mguu. Nakilini mstari huo kwenye kadi ya kliniki, maana faili hupotea.

Mwenye vena ndiye asiyepaswa kabisa kukosa statini. Utafiti wa Post CABG wa 1997 ulionyesha kwamba kushusha lehemu mbaya kwa nguvu kulipunguza vena zilizozidi kuharibika kutoka asilimia 39 hadi 27. Mgonjwa akiniambia ameacha dawa kwa sababu "moyo umeshatengenezwa," namwambia waziwazi kwamba kilichowekwa ni njia mpya, na ugonjwa ulioziba ile ya zamani bado anao. Aspirini ni ya maisha. Sigara iishe.

Mwenye ateri ya kifua ya kushoto apimwe shinikizo mikono yote miwili. Ateri hiyo huchipuka kutoka kwenye mshipa unaolisha mkono wa kushoto. Mkono huo ukisoma chini ya wa kulia kwa zaidi ya milimita 15, huenda mshipa huo umebana, na moyo unapata damu pungufu kila mgonjwa anapoufanyisha mkono huo kazi. Na figo zikichoka hadi kufikia kusafishwa damu, wenzetu wa kitengo hicho waambiwe mapema: fistula ya kusafishia damu ikiwekwa mkono wa kushoto inaweza kuivuta damu iliyokusudiwa moyo, kwa hiyo mkono wa kulia ufikiriwe kwanza, hata kama mgonjwa ndio anaoutumia kuandikia.