Ndege Huyu Anakula Nini?



Leo tuzungumze juu ya ndege. Huenda mtasema, "Ndege si wapo tele?" Ndiyo, wapo. Lakini ni wepi? Tusitazame wingi tu. Tuulize: ndege huyu anakula nini?

Tutazame milima ya Usambara, mkoani Tanga. Zamani msitu ulienea. Watu tumekata kwa ajili ya mashamba, chai, mbao na kuni. Sasa mahali pengi umebaki vipande vipande. Tangu 1987 watafiti wamekuwa wakitega nyavu humo, wanawafunga ndege pete mguuni, kisha wanawaachia. Wameona kwamba vipande vidogo vina aina chache za ndege wa chini ya miti kuliko msitu mkubwa.

Wanaoumia sana ni walao wadudu. Hawa hutafuta wadudu kivulini, penye majani yaliyooza. Wengine hufuata siafu. Siafu wakipita, wadudu hukimbia, na ndege huwadaka. Miti ikikatwa, jua huingia, majani hukauka, chakula hupungua. Na wengi wao hawathubutu kuvuka shamba wazi kwenda msitu wa pili. Wamefungiwa kama kuku tengani.

Wapo walao matunda, kama hondohondo. Yeye huruka mbali. Lakini hutaga ndani ya pango la mti mkubwa. Jike hujiziba humo kwa udongo, na dume humletea chakula kupitia tundu dogo. Ukikata mti ule mzee, umebomoa nyumba yake. Tena hondohondo hutupandia miti: humeza tunda hapa, mbegu huidondosha kule, nayo huota. Akihama, nani atapanda?

Walao mbegu, kama shomoro na mnana, wao wana nafuu. Hupenda mahali wazi, penye nyasi na nafaka. Basi asubuhi tunasikia kelele za ndege, tunadhani mambo ni mazuri. Kumbe waliobaki ni wale wanaongojea mtama wetu!

Tufanye nini? Tusikate miti kando ya mito. Tuache ukanda wa miti wa kuunganisha kipande na kipande. Mti mzee wenye pango tuuache. Miti ya kuni tuipande wenyewe. Tukumbuke, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kazi ya darasa: Waulizeni wazee majina ya ndege wa kijiji chenu. Andikeni kila mmoja anakula nini, na kama bado yupo.