Mvumbuzi wa Sherikat Anapoulizwa Uraia Wake

Husemwa kwamba ombi la hataza la kimataifa ni shughuli ya wakubwa, na kwamba nchi ndogo au changa haina lake humo ila kutazama. Visiwa jirani vinaikanusha kauli hiyo. Shelisheli, yenye watu wasiofika 150,000, iliingia katika Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza mwaka 2002, na Komoro ikafuata 2005. Tangu 2013 Komoro imo pia katika OAPI, ofisi ya pamoja ya nchi 17 yenye makao yake Yaoundé, kwa hiyo Moroni haikulazimika kuajiri wanakemia na wahandisi wa kukagua maombi. Sudan Kusini inazizidi nchi hizo mbili za visiwa kwa eneo zaidi ya mara 200, lakini hadi 2024 haikuwamo katika mkataba huo wala katika Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO. Ninadai kwamba mvumbuzi wa Juba anakwama, kabla ya umaskini na kabla ya kukosa wataalamu, kwenye saini ambayo dola lake halijaiweka.

Maneno "hataza ya kimataifa" yenyewe yanapotosha, maana hakuna ofisi itoayo hataza ya dunia nzima. Mkataba uliotiwa saini Washington mwaka 1970 na kuanza kazi 1978 unampa mwombaji ombi moja, upekuzi mmoja wa kulinganisha uvumbuzi wake na yaliyokwisha kujulikana, na muda: kwa kawaida miezi 30, tangu tarehe ya ombi lake la kwanza, kabla ya kuanza kulipa nchi kwa nchi. Muda huo ndio mali. Tuseme fundi wa kuchomelea vyuma huko Sherikat, kitongoji cha Juba ng'ambo ya mashariki ya Nile, amebuni kichujio cha kufungwa kwenye magari ya matangi ya maji. Hawezi kulipa mawakala wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa mkupuo mmoja. Katika miezi 30 anaweza kupata mshirika, au kutambua mapema kwamba kichujio hakiuziki, na hilo nalo ni faida. Ada ya msingi ya ombi, faranga 1,330 za Uswisi, hupunguzwa kwa asilimia 90 kwa waombaji wa nchi zilizo nyuma kimaendeleo, kundi ambalo Sudan Kusini imo. Ada ya upekuzi hubaki nzito, sikatai. Lakini punguzo hilo, lililowekwa kwa ajili ya watu kama yeye, halimfikii, kwa kuwa kanuni zinataka angalau mwombaji mmoja awe raia au mkaazi wa nchi mwanachama.

Ajabu ni kwamba kabla ya 9 Julai 2011, siku ya uhuru wa Sudan Kusini, sharti hilo lisingemzuia. Sudan iliingia katika mkataba huo mwaka 1984, na Juba ilikuwa ndani ya Sudan. Dola likigawanyika, uanachama haumfuati mtoto wenyewe. Jamhuri ya Cheki na Slovakia zilipoachana mwaka 1993, kila moja ilitangaza kwamba inaendelea kufungwa na mkataba huu, na wavumbuzi wao hawakulala nje hata usiku mmoja. Kwetu uhuru ulikuja na mambo mengi ya dharura, na hili halikuwa mojawapo. Kwa hilo simlaumu mtu wa 2011.

Wapo watakaosema: basi aandikishe kampuni Kampala, au amtafute Mkenya wa kuomba naye. Sheria inaruhusu, na kwa leo ndio ushauri ambao wakili mwaminifu angempa. Ila kampuni ya Kampala inakuwa mwenye ombi, na mwenza wa Nairobi anakuwa na sehemu yake katika haki. Anayekopeshwa uraia hulipa riba kwa umiliki.

Pingamizi zito ni la dawa. Tukiingia, hofu husema, kampuni za nje zitajaza daftari letu na bei ya vidonge itapanda hospitalini. Hofu hii ina msingi. Kwa mfano, katika ARIPO, shirika la kanda la hataza lenye makao Harare, nchi iliyotajwa kwenye ombi ina miezi 6 tu ya kusema kwamba hataza haitakuwa na nguvu kwake, na ofisi yenye watumishi wachache huupitisha muda huo kimya. Lakini kinga ipo. Chini ya kanuni za Shirika la Biashara Duniani, nchi zilizo nyuma kimaendeleo zimeruhusiwa kutolinda hataza za dawa hadi 1 Januari 2033. Uganda iliiandika ruhusa hiyo katika sheria yake ya 2014. Zanzibar, ambayo si dola lakini ina sheria yake ya miliki ya viwanda tofauti na ya Bara, ilitangulia mwaka 2008. Kisiwa kiliona mapema kwamba mlango unaofunguliwa huwekewa kitasa. Sudan Kusini imekuwa ikijadili kuingia katika shirika hilo la biashara tangu Desemba 2017, na kifungu cha dawa kiandikwe kabla ya majadiliano kufika mwisho, kwa sababu baadaye kila neno litakuwa na bei.

Kuhusu wanaouliza mvumbuzi mwenyewe yuko wapi, jibu ni fupi: uchache wa maombi hauthibitishi uchache wa wavumbuzi pale ambapo hakuna mahali pa kuomba. Wala hatuhitaji kuanza na jengo. Mkataba wa Paris wa 1883 ndio wa kuingia kwanza, kwa sababu wa hataza hupokea wanachama wa ule tu. Hati ya kujiunga ikishawekwa Geneva, baada ya miezi 3 nchi inafungwa na mkataba wa hataza, na ofisi ya WIPO hupokea maombi ya raia wa nchi yoyote mwanachama moja kwa moja. Fundi wa Sherikat angeweza kutuma lake siku hiyohiyo, kabla Juba haijanunua hata meza ya kuyapokelea.