Chora Kwanza, Ndipo Utie Sahihi



Wahitimu wetu, wengi wenu mlipita kwenye darasa langu la takwimu la mwaka wa kwanza. Mlitoka mnajua kukokotoa r, kipimo kinachoonyesha vitu viwili vinakwenda pamoja kwa kiasi gani. Leo nasisitiza jambo moja tu la darasa lile, maana nahofia litasahauliwa kuliko mengine yote.

Mwaka 1973 mwanatakwimu Mwingereza, Francis Anscombe, alichapisha mafungu manne ya takwimu, kila moja likiwa na jozi 11 za x na y. Katika yote manne, wastani wa x ni 9, wa y ni 7.5, r ni 0.82, na hata mlinganyo wa mstari unaopitishwa kati ya nukta ni uleule: y = 3 + 0.5x. Anayesoma majibu tu ataapa kuwa ni kitu kimoja. Hebu yachoreni. La kwanza, nukta zimetawanyika kuufuata mstari, kama vitabu vinavyotaka. La pili limepinda kama upinde. La tatu limenyooka sawasawa, ila nukta moja imechomoza juu ikauvuta mstari mzima. La nne ndilo linalonitisha: nukta 10 zimesimama wima pale x ilipo 8, na moja pekee, kwenye 19, ndiyo iliyouzaa uhusiano wote. Iondoeni hiyo, hapabaki kitu.

Na mchoro ukinyooka je? Bado ulizeni kilicho nyuma yake. Tuseme mmekuta kwamba penye vyandarua vingi ndipo penye malaria nyingi. Vyandarua havileti malaria. Kigoma ina malaria nyingi kuliko Njombe yenye baridi ya nyanda za juu, na vyandarua hupelekwa penye ugonjwa. Atakayeusoma uhusiano huo kichwa chini miguu juu atakata bajeti ya vyandarua, na watakaougua ni watoto wa watu.

Ndugu zangu, karibuni mtaketi kwenye halmashauri, benki na hospitali. Mtaletewa ripoti yenye r nzuri, mkubwa akiwa na haraka. Ombeni takwimu zenyewe, zichoreni, zitazameni nukta moja moja, ndipo mtie sahihi.