Tukitapeliwa, Tusinyamaze



Mama mmoja wa jumuiya zetu hapa Pemba alipokea ujumbe katika simu: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Kwa kuwa mwanawe alikuwa ameomba nauli siku ile, alituma fedha zake za karafuu. Alipotambua kosa, alinyamaza majuma matatu kwa aibu. Katika majuma hayo, mwizi yule aliwaandikia wengine.

Ndugu zangu, aibu si ya aliyeibiwa. DECI ilipoanguka mwaka 2009, walioambiwa kwamba "wanapanda mbegu" walipoteza akiba zao, na waumini walikuwa miongoni mwao.

Basi, tufanyeje? Kwanza, piga mara moja namba 100 ya kampuni yako ya simu, uombe fedha izuiwe. Ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu. Pili, usiufute ujumbe, kwani ni ushahidi. Utume kwenda 15040, pamoja na namba ya tapeli. Tatu, nenda polisi, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani. Iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kwa jina la parokia.

Nanyi viongozi wa jumuiya, msimcheke aliyetapeliwa. Msindikizeni hadi kituoni, kwani aendaye peke yake huweza kukata tamaa mlangoni. Kumsindikiza huko nako ni kutenda haki.