Wali Uliolala: Maneno Machache juu ya Kupikia Watu Wengi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Portsmouth, Uingereza)





Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena tukiwa wazima. Kamati ya maandalizi imenitaka niseme machache juu ya mapishi ya shughuli, ili vijana wetu waliozaliwa huku Uingereza wapate pa kuanzia. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, lakini sitaweza kutaja vipimo kabla sijalipa deni.

Wengi wenu mnaukumbuka mkutano wa mwaka 2009. Nilijitolea kupika pilau peke yangu, kilo nane za mchele. Nilipika Ijumaa usiku, nikafunika sufuria, nikalivika blanketi kama nilivyomwona mama akifanya Unguja, kisha nikalala. Jokofu halikuwa na nafasi. Jumamosi mchana nikaipasha moto, ikanukia, mkala na mkanisifu. Kabla ya magharibi watu kumi na mmoja walikuwa wakitapika, na shangazi yetu mmoja, mtu mzima, akalazwa hospitali usiku ule. Alhamdulillahi, alipona.

Watu walitafuta sababu, na vidole vyote vikaelekea kwenye katlesi za samaki alizoleta wifi yangu. Mimi nilikuwa kando ya kitanda cha shangazi pale daktari aliponiuliza swali moja: "Wali ulilala wapi?" Akanieleza, nikafahamu. Nikarudi nyumbani, nikanyamaza. Tangu siku ile wifi yangu hakuleta tena chakula katika mikutano yetu. Yupo hapa leo. Wifi, mbele ya wazee hawa nasema: katlesi zako zilikuwa salama. Kosa lilikuwa langu, na kunyamaza kwangu kulikuwa kosa la pili, tena kubwa kuliko la kwanza. Nakuomba radhi.

Sasa nieleze aliyonifahamisha daktari. Katika mchele mbichi huwamo vijidudu ambavyo mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka, vijidudu huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Wali waweza usinuke wala usibadilike ladha. Sufuria kubwa lililovikwa blanketi hubaki na joto la wastani usiku kucha, na hapo ndipo vijidudu vinapostawi.

Mtauliza: mbona mama zetu walifunika vivyo hivyo na hatukuugua? Nimelifikiri sana jambo hili. Mama zetu hawakuilaza pilau ya shughuli. Majirani walifika alfajiri. Huyu akimenya vitunguu thomu, yule akichagua mchele, wengine wakikoka moto uani, na ikifika adhuhuri sinia zimekwisha kupakuliwa. Blanketi la mama lilihifadhi moto kwa saa moja au mbili. Mimi nililipa kazi ya usiku mzima, kwa kuwa nilikuwa peke yangu jikoni na sikutaka kumwomba mtu msaada.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: vitu vingi vyaweza kutayarishwa jana yake, ila wali upikwe siku ile ile. Usiku wa kuamkia shughuli, kaangeni vitunguu mpaka viwe vya hudhurungi, chemsheni nyama kwa tangawizi na thomu, sageni uzile na pilipili manga. Nyama na supu yake zipozwe upesi katika vyombo vipana, ziingie ndani ya jokofu. Asubuhi itabaki kuroweka mchele nusu saa na kupika. Pilau ikisubiri wageni, iwe ya moto hasa, nyuzi 63 za sentigredi au zaidi; kipimajoto cha jikoni si ghali. Itakayobaki itandazwe nyembamba juu ya masinia, ipoe na kuingia jokofuni ndani ya saa moja, iliwe kabla ya siku moja kupita, na ipashwe moto mara moja tu.

Kanuni ya pili ni kipimo. Mama alipima kwa kibaba na pishi, na chumvi kwa kiganja chake. Kiganja kile kimezikwa naye. Nanyi vijana pimeni na mwandike. Kwa hesabu yangu, kilo moja ya basmati na kilo moja ya nyama hutosha watu wanane hadi kumi. Lakini msizidishe kila kitu kama hesabu ya shule. Sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo kwa kadiri ya mchele wake, basi maji yapunguzwe. Karafuu na mdalasini zikizidishwa mara sita, pilau hugeuka dawa. Kwa kilo sita, mara nne yatosha. Tena afadhali masufuria mawili ya kilo tatu tatu kuliko moja la kilo sita, kwani mchele wa chini hulemewa na mtaka pilau hupata bokoboko. Kwa kuwa huku hatuna makaa ya kupalia juu ya kifuniko, maji yakikauka lifunikeni vizuri mliingize ndani ya oveni yenye moto mdogo. Ukoko wagawieni watoto kwa haki, wasigombane.

Kuhusu vitafunio: sambusa zikunjwe wiki moja kabla, zipangwe juu ya sinia zisigusane, zigandishwe, kisha zitiwe mfukoni. Zitumbukizwe katika mafuta zikiwa bado zimeganda, chache chache, maana zikijazana mafuta hupoa na sambusa huyanywa. Shira ya kaimati itiwe matone ya ndimu, isirudi kuwa sukari. Vitunguu vya kachumbari vioshwe kwa chumvi na kukamuliwa, na ndimu itiwe wakati wa kuandaa meza, isije ikajaa maji.

Kanuni ya tatu haimo katika kitabu chochote cha mapishi. Mkono mmoja haulei mwana, wala haupikii watu themanini. Naiomba kamati, kuanzia mkutano ujao, jiko lifunguliwe alfajiri, na kila nyumba itoe mtu mzima mmoja na kijana mmoja, mvulana au msichana. Mtu mzima apike, kijana apime na kuandika. Hivyo chakula kitaiva siku ile ile, na mapishi ya bibi zetu yatabaki tutakapokuwa sisi hatupo.

Mimi nitakuwapo kumenya vitunguu. Nafasi ya kukaanga katlesi naiacha wazi kwa mwenyewe, akiridhia.

Karibuni chakula, pilau imepikwa leo asubuhi.