Hadhira Kama Sehemu ya Matini: Mapokezi ya Tamthilia ya "Oklahoma!" Ilipofufuliwa katika Kumbi Ndogo

Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, neno hadhira hubeba uzito ambao neno watazamaji halina. Mtazamaji huangalia tu. Hadhira ni watu waliohudhuria, na kuhudhuria ni tendo. Mtambaji wa ngano husema "Paukwa!" na hawezi kuendelea mpaka aitikiwe "Pakawa!" Katika taarab, anayeinuka kumtunza mwimbaji mbele ya umati aghalabu huuelekeza ubeti kwa mtu fulani aliyemo ukumbini. Kwa hiyo maana ya wimbo hukamilishwa na mtu ambaye hakuutunga wala hakuuimba.

Mhadhara huu unaichukua dhana hiyo na kuipima mbali na makao yake, katika kumbi za Marekani na Uingereza. Kazi inayochunguzwa ni "Oklahoma!", tamthilia ya nyimbo iliyofufuliwa na mwongozaji Daniel Fish. Sababu ya kuiteua ni kwamba maneno yake yaliachwa karibu yote kama yalivyokuwa, lakini walioitazama waligawanyika vikali. Ikiwa maneno ni yale yale, ni nini basi kilichobadilika?

Kazi yenyewe

"Oklahoma!" iliyotungwa na Richard Rodgers na Oscar Hammerstein wa Pili ilifunguliwa New York tarehe 31 Machi 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Chimbuko lake ni tamthilia ya Lynn Riggs, mwandishi mwenye asili ya Wacherokee. Maonyesho ya mwanzo yalifikia 2,212, na mwaka 1953 wimbo wake mkuu ulifanywa kuwa wimbo rasmi wa jimbo la Oklahoma. Kwa vizazi kadhaa, basi, kazi hii imekuwa mali ya watu. Shule na vikundi vya mitaani huiigiza, na wengi huzijua nyimbo zake kabla ya kuliona jukwaa.

Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Mwaka 1906, kabla eneo hilo halijawa jimbo, Curly, mchunga ng'ombe, na Jud, kibarua wa shambani, wanampenda msichana mmoja, Laurey. Curly anamwoa. Jud anatokea baada ya harusi, ugomvi unazuka na Jud anafariki. Majirani wanaendesha kesi papo hapo nyumbani, wanamwachia Curly huru upesi ili asikose fungate, kisha wimbo wa furaha unarudi. Katika matini ya 1943 Jud huangukia kisu chake mwenyewe.

Namna ilivyofufuliwa

Fish aliianza kazi hii na wanafunzi wa Chuo cha Bard mwaka 2007, akairudia hapo na waigizaji weledi mwaka 2015. Mwaka 2018 ilifika St. Ann's Warehouse huko Brooklyn, na mwaka 2019 ikaingia Circle in the Square, mojawapo ya kumbi ndogo kabisa za Broadway. Badala ya okestra ya wapigaji 28 kulikuwa na bendi ya watu saba. Taa ziliwaka juu ya watazamaji kwa sehemu kubwa ya mchezo, hata wakawa wanaonana nyuso. Bunduki zilipangwa kutani. Wakati wa mapumziko watu walishuka jukwaani kupewa mchuzi mzito wa pilipili na mkate wa mahindi. Aidha, sehemu ya mazungumzo ya Curly na Jud ilichezwa katika giza totoro, kisha uso wa Jud ukaoneshwa ukutani, mkubwa na wa karibu mno.

Badiliko kubwa liko mwishoni. Jud anamletea Curly zawadi ya bastola, na Curly anampiga risasi. Damu inatapakaa katika nguo nyeupe za maharusi. Kesi inaendeshwa kwa maneno yale yale ya zamani, na wimbo wa furaha unaimbwa na watu wenye damu mwilini.

Mapokezi

Kwa upande mmoja, kazi hii ilisifiwa sana. Ilipata tuzo ya Tony ya ufufuzi bora wa tamthilia ya nyimbo mwaka 2019, na baada ya kuoneshwa katika ukumbi wa Young Vic, London, mwaka 2022, ikapata tuzo ya Olivier mwaka 2023. Kwa upande wa pili, wapo waliokasirika. Ilipozungushwa katika miji ya Marekani miaka ya 2021 na 2022, katika kumbi kubwa ambako jukwaa liko mbele na mbali, baadhi ya watu waliondoka kabla ya mwisho. Walilalamika kwamba wameuziwa kitu kingine kwa jina la kitu wanachokipenda.

Wahakiki huelekea kuifafanua hali hii kwa njia mbili. Wengine husema walioondoka hawakuielewa sanaa. Wengine husema mwongozaji aliiharibu kazi ya wenyewe. Fafanuzi zote mbili zina upungufu, kwa sababu kila moja inaiweka maana mahali pamoja tu: ama kwa mwongozaji, ama kwenye matini.

Walioondoka hawakuwa wajinga. Wengi wao walizijua nyimbo kwa moyo, na hasira yao ilitokana na kujua huko. Walikuja kuitikia "Pakawa" waliyoizoea, wakakuta anayesema "Paukwa" anadai jibu jingine. Mtu asiyejali huchoka na kusinzia. Mwenye mali ndiye hulalamika.

Hata hivyo, lalamiko lao halikugusa jambo moja: kesi ile ya haraka haikubuniwa na Fish. Ilikuwamo tangu 1943. Jamii ya mchezoni ilikuwa tayari kuikunja sheria kwa ajili ya ndugu yao, na mgeni asiyependwa hakuwa na wa kumtetea. Kilichoifunika kesi hiyo kwa miaka mingi ni uchangamfu wa muziki, umbali wa jukwaa na giza la ukumbi. Bastola na damu viliifanya ionekane, ila taa na chakula vilifanya zaidi ya hapo: viliibadilisha nafasi ya anayetazama.

Katika desturi za Waswahili jambo hili halihitaji maelezo marefu. Aliyekula chakula cha harusi ameishuhudia harusi. Hawezi kesho kusema hakuwapo. Watu waliokula pamoja wakati wa mapumziko walikalishwa kwenye mwanga, wakaonana, wakasikia hukumu ikitolewa. Hakuna aliyetarajiwa kusimama kupinga, kwani kanuni za ukumbi haziruhusu. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa kukaa kimya, hadhira ilijikuta imetiwa miongoni mwa majirani waliomwachia Curly. Aliyetoka mlangoni, hata kama kwa hasira tu, alikuwa ndiye pekee aliyekataa kiti hicho.

Funzo kwa taaluma ya Kiswahili

Kisa hiki kinaihusu taaluma ya Kiswahili moja kwa moja. Ngano nyingi zimechapishwa bila viitikio vya wasikilizaji. Nyimbo za taarab zimekusanywa kama mashairi, bila kuandikwa nani aliinuka kutunza, alimtazama nani, na nani aliondoka. Tamthilia zinazofundishwa shuleni husomwa kama majibizano ya wahusika, na hadhira hutajwa katika sentensi moja ya mtihani. Rekodi ya namna hiyo huyahifadhi maneno na kulipoteza tukio. Lau "Oklahoma!" ya 1943 na ya 2018 zingebaki katika maandishi tu, mtafiti wa baadaye angezilinganisha na kuhitimisha kwamba ni karibu kitu kimoja.

Kwa hiyo mtafiti anayekwenda uwandani analazimika kuandika pia watu walikaa wapi, kama walionana, walikula nini, waliitikia lini na walinyamaza lini. Aliyeondoka mapema asifutwe katika daftari kama aliyeharibu utafiti. Naye ni data, na pengine ndiye anayeonesha kwa uwazi zaidi kazi ile ilimdai nini kila aliyebaki.

Kazi ya kale haifufuliwi na mwongozaji peke yake. Huwa hai pale ambapo waliohudhuria bado wana la kuitikia, hata kama jibu lao ni kukataa.